Kuzamia Bonaire: maswali ninayoulizwa kila nikirudi

Nilijifunza kuzamia Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Sasa naishi Uholanzi, na kutoka hapa Bonaire ni ndege moja tu. Kila nikirudi kutoka huko simu yangu hujaa maswali ya ndugu na wazamiaji wenzangu wa Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili, na mengine kwa kirefu, hasa pale ambapo jibu la mkato linaweza kumponza mtu.

Bonaire iko wapi hasa?

Kusini mwa bahari ya Karibi, kama kilomita 80 kaskazini mwa pwani ya Venezuela, mashariki mwa visiwa jirani vya Curaçao na Aruba. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 288. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi, lakini fedha yake ni dola ya Marekani. Mji mkuu ni Kralendijk. Watu wanazungumza Kipapiamentu wao kwa wao, na Kiholanzi, Kihispania na Kiingereza wanavijua.

Ina nini ambacho Pemba au Mafia haina?

Tuseme ukweli kwanza: kwa wingi wa aina za samaki na matumbawe, Bahari ya Hindi imeizidi Karibi. Anayekwenda Bonaire kutafuta wingi wa rangi kuliko Mnemba atakuwa amekosea safari.

Kinachonirudisha mimi ni kwamba Bonaire unaingia baharini kwa miguu yako. Fikiria kwetu. Bamvua ikifika, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne. Asubuhi unaona bahari, mchana unaona wanawake wanatembea kwenye mwani, na mwamba wenyewe uko mbali huko mawimbi yanakovunjika. Bila boti huendi kokote, na boti ina nahodha, ina saa yake, ina wageni kumi na wawili wanaotaka kurudi kula. Bonaire maji hayabadiliki hata mita moja. Upande wote wa magharibi mwamba umejiegemeza kwenye kisiwa: unavuka mchanga wa kina kifupi, unaogelea dakika chache, na kwenye kina cha mita 10 hivi ukingo unaanza kuteremka hadi mita 30, 40 na zaidi. Maeneo ya kuzamia yenye majina ni zaidi ya 80, na mengi unayafikia kwa pikapu na viatu.

Basi pale hakuna anayekupangia saa. Ukitaka kuzamia saa kumi na mbili alfajiri, zamia. Ukitaka kukaa dakika 70 unamtazama pweza mmoja, mtazame. Lakini hakuna pia wa kukuhesabu wakati wa kutoka, na hilo ndilo ninaloomba kila mtu alibebe moyoni kabla hajapanda ndege.

Nahitaji cheti?

Ndiyo, kama unataka kuzamia wewe na mwenzako bila kiongozi. Asiye na cheti anaweza kuonja bahari akiwa na mwalimu, au kusoma kozi hapo hapo. Hata mwenye cheti cha miaka mingi lazima asikilize maelezo ya hifadhi, kisha afanye mbizi ya kujipima kabla ya nyingine yoyote. Wengi hununa wakiambiwa hivyo. Mimi naishukuru mbizi ile kila mwaka, kwa sababu ndiyo inayonionyesha kama nimebeba uzito kupita kiasi, au kama mpira wa miwani umechakaa.

Ada je?

Ada ya hifadhi ni dola 40, na unailipa mtandaoni. Mbali na hiyo kuna kodi ya kuingia kisiwani, dola 75 kwa mgeni mzima. Tazama viwango kabla ya kusafiri, kwa sababu hupandishwa.

Fedha ya hifadhi naitoa kwa roho safi, maana ninaona kazi yake. Hifadhi ya bahari ya Bonaire ilianzishwa mwaka 1979 na inasimamiwa na STINAPA, shirika la hifadhi za kisiwa. Inazunguka kisiwa chote, kuanzia mstari wa maji kujaa hadi kina cha mita 60. Ni marufuku kutia nanga juu ya mwamba. Kuna maboya ya kufungia boti, basi. Bunduki za mishale zilipigwa marufuku mapema zaidi, mwaka 1971.

Mmoja wa waliosukuma mambo haya alikuwa Mmarekani Don Stewart, ambaye wenyeji wanamwita Captain Don. Alifika na mashua yake mwaka 1962, mwenyewe akiwa mvuvi wa mishale, akageuka kuwa mlinzi wa mwamba mpaka alipofariki mwaka 2014.

Mawe ya njano kando ya barabara ni ya nini?

Ndiyo vibao. Kila eneo la ufukweni lina jiwe lililopakwa rangi ya njano na kuandikwa jina. Ukiliona, egesha gari. Angalizo moja: barabara ya kaskazini, baada ya eneo la 1000 Steps, ni ya kwenda tu. Ukipitwa na jiwe lako hugeuzi. Utazunguka kupitia kijiji cha Rincon.

Kuingia kwa miguu kunafanywaje? Nimezoea kujirusha kinyumenyume kutoka kwenye boti.

Swali hili nalipenda, kwa kuwa hapa ndipo wazamiaji wazuri wa boti wanapoumia. Ufukwe wa Bonaire si mchanga kama wa Nungwi. Ni vipande vya matumbawe yaliyokufa, vyeupe, vinavyogongana chini ya soli kama vigae, na ukingo wa jabali lenye mashimo ambayo huyaoni kwa sababu ya povu.

Vaa viatu vya soli ngumu. Viegemezeeni vifaa kwenye bodi ya pikapu, mkaguane: hewa imefunguliwa, mikanda imefungwa, regyuleta zote mbili, vile vifaa vya mdomoni vya kupumulia, zinatoa hewa. Kisha simameni kwanza. Msiingie. Yatazameni maji dakika tano nzima. Mawimbi huja kwa mafungu. Makubwa matatu au manne, halafu bahari inapumzika. Tafuteni pia bendera ndogo au boya jirani, mwone mkondo unakoelekea, maana mbizi inaanza kwa kwenda kinyume cha mkondo, ili wakati wa kurudi, umechoka na hewa imepungua, maji yenyewe yakusaidie.

Mapumziko yakifika, tia hewa kwenye vesti, regyuleta mdomoni, miwani usoni, mapezi mkononi. Mshike mwenzako begani, naye akushike. Buruteni miguu, msiinue, mpaka maji yafike kiunoni. Hapo lala, vaa mapezi, ondoka haraka sehemu ya mawimbi. Siku moja nilimwachia mwenzangu bega ili nirekebishe miwani, sekunde tu, wimbi likanikalisha juu ya jabali na mtungi mgongoni. Alama iko gotini hadi leo. Tangu siku ile siachi bega la mtu.

Kutoka ni vilevile, ila uchovu ni mwingi zaidi. Bakiza robo ya mtungi. Kama mawimbi yamekua wakati mko chini, itabidi msubiri nje, na anayesubiri bila hewa hana subira.

Nianze na eneo lipi?

Kwa siku ya kwanza napendekeza Bari Reef, karibu kabisa na mji. Unaingia kwa ngazi, maji yametulia, na samaki ni wengi mno. Windsock, karibu na uwanja wa ndege, nayo ni rahisi. Ukizoea, nenda kusini: Angel City na Alice in Wonderland zina miamba miwili sambamba, katikati kuna bonde la mchanga ambamo mikunga wembamba wa mchangani wamesimama wima kama nyasi, wanajirudisha shimoni ukisogea. Kaskazini kuna Karpata, ambako mwamba umechongeka kwa mabonde mazito, na Oil Slick Leap, ambako unaruka kutoka jabalini na kurudi kwa ngazi.

Red Slave, ncha ya kusini, usiende wiki ya kwanza. Mkondo wake una nguvu na unaweza kukusukuma ukapita kisiwa. Nimeona watu wazima wenye mbizi mia tatu wakitoka pale wamekauka midomo.

Ile meli iliyozama ina hadithi gani?

Hilma Hooker. Ni meli ya mizigo ya urefu wa mita 72, iliyojengwa Uholanzi mwaka 1951. Mwaka 1984 iliharibika jirani na Bonaire ikakokotwa hadi gatini. Wakaguzi walipopanda walikuta ukuta wa uongo ndani, na nyuma yake takriban kilo 11,000 za bangi. Meli ikashikiliwa kama ushahidi, mwenyewe hakujitokeza, nayo ikawa inaingiza maji. Ikaonekana ikizama gatini itaziba bandari, ikasogezwa kusini, na tarehe 12 Septemba 1984 ikalala chini.

Imelala ubavu wa kulia, kwenye mchanga wa kina cha mita 30, katikati ya miamba miwili. Ubavu wa juu unaukuta kwenye mita 18 hivi. Kwa hiyo panga kina chako mapema: shuka kwenye rafadha kwanza, kisha panda polepole ukifuata ubavu. Chini ya kivuli chake hukaa tarponi, samaki wa magamba ya fedha wanaokaribia urefu wa mtu au kumzidi, wametulia kama wanasubiri zamu. Usiingie ndani ya meli bila mafunzo ya kuzamia ndani ya mabaki. Mlango unaoonekana ni dirisha, sakafu ni ukuta, na vumbi moja la mapezi linakufunga macho.

Kuzamia chini ya gati la chumvi kunaruhusiwa?

Ndiyo, meli ikiwa haipo. Meli ikifunga kupakia chumvi, hakuna kuzamia pale, wala usijaribu. Siku tulivu ni kama msikiti wenye nguzo nyingi: mwanga unashuka kwa mistari, nguzo zimevikwa sponji za njano na zambarau, na makundi ya samaki yanazunguka nguzo bila haraka. Kina ni kidogo, kwa hiyo hewa inadumu. Nimewahi kutumia siku nzima kwenye nguzo nne tu.

1000 Steps ina ngazi elfu moja kweli?

Hazifiki hata themanini. Zihesabu ukipanda na mtungi mgongoni, utaelewa jina lilitoka wapi.

Klein Bonaire inafikiwaje?

Kwa boti tu. Ni kisiwa kitupu, hakina mtu wala kivuli, kiko mita 800 hivi mbele ya Kralendijk. Serikali ilikinunua mwaka 1999 kutoka kwa wenyewe kabla hakijajengwa mahoteli. Kasa hutaga kwenye ufukwe wake. Carl's Hill ina ukuta unaoshuka wima, tofauti na miteremko ya kisiwa kikubwa. Asiyezamia na mtungi anaweza kushushwa ufukweni na kuachwa mkondo umpeleke, miwani na mrija tu vinatosha.

Upande wa mashariki?

Upepo wa matlai unaupiga karibu mwaka mzima, bahari ni kali. Msiingie peke yenu. Nenda na wenye boti wa huko, siku ambayo wao wenyewe wamesema inafaa. Ghuba ya Lac, yenye mikoko, imekingwa na mwamba. Hapo ndipo samaki wadogo wanapokulia.

Usiku kuna nini?

Ukiniambia nichague mbizi moja tu kwa safari nzima, nitachagua ya usiku. Kuna pono ambao wakilala hujitengenezea mfuko wa ute unaowazunguka mwili mzima. Nilimkuta mmoja ameingia kwenye upenyo wa tumbawe, mfuko wake umeshikwa na punje za mchanga, unatetemeka kidogo kila anapopumua. Nilifunika taa kwa kiganja ili mwanga ubaki mwekundu kupitia vidole, nikakaa naye mpaka mwenzangu akanigusa kunionyesha saa.

Nilikuwa na sababu ya kufunika taa. Tarponi wa Bonaire wamejifunza kuwinda kwa taa za wazamiaji. Wanakuja nyuma yako kimya, na samaki yeyote unayemwangazia kwa muda mrefu, umemkabidhi. Pitisha mwanga, usiuache.

Taa za kemikali zile za vijiti haziruhusiwi.

Kuna papa?

Wapo, ila ni nadra kuwaona. Utaona zaidi kasa, wakiwemo ng'amba, pamoja na mikunga, mizia, pweza na samaki taa. Mwenye macho makali atampata farasi wa baharini, au samaki chura ambaye huwezi kumtofautisha na sponji mpaka apige miayo.

Kwa nini glavu zimekatazwa?

Kwa sababu mwenye glavu hushika. Ukiwa mkono mtupu unaogopa kuchomwa, unajifunza kuelea. Sheria hii ilinirekebisha mimi kuliko mwalimu yeyote.

Matumbawe yako salama?

Yana hali ngumu, na siwezi kuwaambia vingine. Miaka ya 1980 ugonjwa ulimaliza sehemu kubwa ya matumbawe ya pembe katika Karibi yote, na mwaka 1983 na 1984 wanyama wa miiba mirefu myeusi, wale wanaotuchoma miguu hata kwetu, walikufa kwa wingi huko. Watu hawakuwapenda mpaka walipokosekana: wao ndio waliokuwa wakila mwani unaofunika matumbawe. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilileta mawimbi kutoka magharibi, upande ambao mwamba haujazoea kupigwa, kikavunja sehemu za kina kifupi.

Machi 2023 ukagundulika ugonjwa mwingine unaokula nyama ya matumbawe magumu na kuacha mifupa. Tumbawe la ubongo lenye umri wa mamia ya miaka linaweza kuisha kwa wiki kadhaa. Nililiona moja mwaka huo, nusu yake kahawia hai, nusu nyeupe kama chokaa, na mpaka kati ya nusu hizo umenyooka kama mkato wa kisu. Nililia ndani ya miwani.

Kwa hiyo ukiambiwa utumbukize vifaa vyako kwenye dawa kati ya mbizi moja na nyingine, tumbukiza vyote, mpaka viatu. Ukikuta eneo limefungwa, pita. Lipo pia shirika la Reef Renewal linalootesha vipande vya matumbawe ya pembe kwenye vitalu vya majini kisha kuvipanda mwambani. Mzamiaji mwenye cheti anaweza kusoma kozi yao na kufanya kazi nao. Siku moja ya kusugua mwani kwenye vitalu hivyo naithamini kuliko mbizi kumi za kupiga picha.

Nimesikia wanaua samaki simba. Si ndiye huyu wetu?

Ndugu yake kabisa. Samaki simba, yule wa mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kwetu Mafia au Watamu ana wa kumla na magonjwa yake, amekaa kwa kiasi. Karibi aliletwa na watu, na Bonaire alionekana mara ya kwanza mwaka 2009. Samaki wadogo wa huko hawamjui. Wanamsogelea na yeye anawafungulia mdomo. Ndiyo maana waliopata mafunzo na kibali wanaruhusiwa kumchoma kwa mkuki mfupi maalumu, na mahoteli yanampika. Nyama yake ni nyeupe na laini. Mgeni asiye na kibali asimguse.

Msimu upi ni mzuri?

Wote. Maji ni nyuzi 26 hadi 29, na kisiwa kiko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, ingawa mawimbi ya vimbunga vya mbali hufika. Septemba na Oktoba, siku chache baada ya mwezi mpevu, matumbawe huachia mayai usiku. Upepo pia hupungua kipindi hicho, na mbu huongezeka.

Gari liegeshwe wapi, lifungwe?

Usiache kitu ndani, kisha acha vioo wazi. Mwaka wangu wa kwanza niliacha begi chini ya kiti, nikatoka majini nikakuta hakuna. Chukua funguo tu, ndani ya kifuko kisichoingiza maji.

Visa na ndege kutoka Afrika Mashariki?

Njia iliyo rahisi kwa wengi ni kupitia Amsterdam. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inahitaji visa ya Karibi ya Uholanzi, na inaombwa ubalozini. Uliza pia kuhusu visa ya kupita Ulaya, usije ukakwama njiani. Chukua bima inayotaja kuzamia kwa jina. Hospitali ya Kralendijk ina chemba ya kutibu ugonjwa wa kupanda haraka, lakini matibabu hayo ni ghali.

Nikae muda gani kabla ya kuruka na ndege?

Angalau saa 18 baada ya mbizi ya mwisho, kama umezamia siku mfululizo. Mimi huacha saa 24.

Siku hiyo kavu usilale hotelini. Endesha kusini kando ya mabwawa ya kuanikia chumvi, maji yake ni ya waridi na heroe wamesimama humo kwa mguu mmoja. Utafika kwenye safu za vijumba vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850, jirani na mawe ya njano ya White Slave na Red Slave. Walilala humo watumwa waliochimba chumvi, hadi Uholanzi ilipofuta utumwa mwaka 1863. Mlango unafika kiunoni. Kuingia lazima utambae, na ndani mtu mzima hawezi kusimama wima. Mwisho wa wiki walitembea saa nyingi kwenda Rincon, ncha nyingine ya kisiwa, kuziona familia zao, kisha wakarudi. Mimi kwetu ni Mkunazini, mjini Unguja, palipokuwa soko la watumwa, nimekua nikipita mbele ya vyumba vya chini vya aina hiyo. Nilikaa mlangoni pale, mgongo kwenye jiwe lenye joto, na mbele yangu, hatua thelathini, bahari ileile niliyokuwa nikiizamia kwa raha wiki nzima.